Ile Haikuwa Ramani ya Dhahabu

Nianze kwa kusema wazi, maana nimechoka: ile haikuwa ramani. Haikuwa ramani ya dhahabu, wala ya kitu chochote kilicho chini ya ardhi ya Tarime. Ilikuwa picha ya nyota. Mpaka leo nikipita Nyamwaga siku ya mnada, hakosekani mtu mzima na akili zake wa kunishika mkono na kuniuliza, "Mwalimu, ile ramani bado unayo?" Nikimweleza, anacheka na kunikonyeza. Mtu akishaamua kwamba unamficha kitu, hata ukila kiapo ataona kiapo chenyewe ndicho ushahidi.

Picha yenyewe nilipewa na binamu yangu wa Isebania, mtoto wa shangazi, aliyekuwa akiuza vitabu vya mtumba upande wa Kenya. Aliikuta imekunjwa ndani ya furushi la magazeti ya wazungu. "Beba hii, ni ya mwalimu kama wewe," aliniambia. "Huku hakuna mtu atanunua." Ilikuwa karatasi kubwa, ukiitandika mezani inaning'inia pande zote. Wakati huo nilikuwa nafundisha fizikia sekondari moja wilayani Serengeti, na darasa langu lilikuwa na bati linalovuja. Nikaona nikiibandika kule itaoza kabla ya muhula kwisha. Likizo ilipofika nikaja nayo nyumbani, kijijini kwetu, nikaipaka uji mzito wa muhogo na kuibandika ukutani sebuleni kwa mama. Laiti ningeiacha ikaoza!

Ilikuwa picha ya galaksi, yaani kundi kubwa la nyota zisizohesabika zinazozunguka pamoja. Jua letu nalo limo ndani ya galaksi yake. Hii ya pichani iko mbali mno, mbali hivi kwamba mwanga ulionaswa kwenye ile picha ulianza safari kabla binadamu hajakanyaga ardhi. Galaksi nyingi zina mikono inayojipinda kuanzia kitovuni, lakini hii ilikuwa na cha zaidi. Katikati yake ulipita mstari mnene, ulionyooka, wa rangi ya manjano. Mikono yake miwili ilianzia kwenye ncha za mstari huo, mmoja huku, mwingine kule, ikazunguka na rangi ya buluu na madoa madogo ya waridi. Mstari wenyewe ni nyota tupu zilizojazana. Nilikuwa nimeusoma chuoni kwenye kitabu kisicho na picha, na sasa nilikuwa nautazama kwa macho yangu.

Mama alisimama mbele ya picha, mkono kiunoni, mwingine bado una unga.

"Hili ni gogo la mlango wa zizi," akasema. "Si unaona limelazwa katikati? Na huu ni ua, unazunguka."

Nilicheka, nikamwambia amepatia kuliko wenye vitabu. Siku ile nilifurahi, sitadanganya.

Lazima niseme kuhusu zizi, maana ndilo lililokuwa moyo wa mji wetu, yaani boma letu. Lilikuwa la ukuta wa mawe, baba aliujenga kwa mikono yake, na mlango ulifungwa kwa magogo yanayosukumwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kando ya mlango huo, upande wa kulia ukiingia, ndipo tulipomzika baba. Kila asubuhi ng'ombe wakishatoka, mama alifagia pale. Alifagia kaburi, kisha akafagia na nafasi iliyobaki kati ya kaburi na ukuta, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Ukimuuliza anafagia nini pale, anajibu bila kuinua kichwa, "Nafagia kwangu." Alikuwa ameshatuambia sote: akifa alazwe pale. Hakuwahi kutuomba kitu kingine.

Miaka hiyo dhahabu ilikuwa imewapanda watu vichwani. Mashamba ya mahindi yalibaki na magugu, migomba haikupogolewa, darasani kwangu madawati yakaanza kubaki wazi. Nilikuwa nafundisha sheria za mwendo huku madirishani inapita misururu ya vijana na sululu mabegani, wanakwenda kwenye maduara, ndivyo walivyoyaita mashimo ya kuchimbia. Juu yetu kindege cha watafiti kilikuwa kikienda na kurudi, kikienda na kurudi, kama kinalima. Kila mtu alijua, au alidai anajua, kwamba kindege kile kinapiga picha za chini ya ardhi.

Kaka yangu alikuwa mmoja wa hao wa sululu. Yeye ndiye mkubwa kwetu, na baba alipofariki, mji na zizi vilibaki mikononi mwake kwa mila. Si mtu mbaya. Alikuwa mchapakazi, mcheshi, anampenda mama kupita kiasi. Ila kaka yangu akishika jambo, hata ulete trekta halitamng'oa.

Alirudi kutoka kwenye maduara mchana mmoja, tope mpaka kwenye nyusi, akaingia sebuleni kutafuta maji ya kunywa. Hakuyanywa. Alisimama na kikombe mkononi akiitazama picha.

"Mwalimu," akaniita. Aliniita hivyo akitaka kunitania, lakini safari hii hakuwa anatania. "Hii umeipata wapi?"

"Isebania, kwa mtoto wa shangazi."

"Na yeye?"

"Kwenye magazeti ya wazungu."

"Aaa," akasema. "Wazungu."

Nikamwambia ni nyota. Akaniuliza nyota gani za njano. Nikamweleza kwamba nyota zikizeeka zinakuwa na rangi hiyo, na zile changa ni za buluu, ndiyo maana ziko kule mikononi.

"Kwa hiyo cha zamani ndicho kimekaa katikati."

"Ndiyo."

"Na huu weusi mwembamba, unaofuata mstari?"

"Vumbi."

"Vumbi la nini?"

"Vumbi la huko huko mbinguni, limechanganyika na gesi. Huu mstari unavivuta, vinateremka kuufuata mpaka kitovuni, vinakusanyika pale. Hapo ndipo nyota mpya zinapozaliwa." Nilikuwa nimeshanogewa. Darasani nilikuwa nasemea madawati, na hapa mtu mzima ananisikiliza bila kupepesa macho!

"Vumbi linafuata mstari," kaka akarudia polepole, "linateremka, linakusanyika katikati."

"Kaka, siyo vumbi la dhahabu."

"Nimetaja dhahabu mimi? Umeitaja wewe."

Hapo hasira zikanipanda. Nikitaka kumziba mdomo, nikamwambia kwamba hata hiyo dhahabu anayoitolea jasho haikuzaliwa Tarime wala duniani, ilitengenezwa na nyota zilizokufa kwa kishindo kabla dunia haijakuwepo, kwa hiyo aache kunifanya mjinga. Maneno hayo ni ya kweli. Nendeni mkamuulize mwalimu yeyote wa sayansi. Na ndiyo yaliyotumaliza.

Kaka aliweka kikombe chini. Akaweka kidole kwenye mkono mmoja wa galaksi. "Huu ni mto wa juu. Huu mwingine ni mto wa bondeni. Si inajipinda hivi hivi? Na hapa katikati, mama ameshasema mwenyewe ni nini."

"Mama alikuwa anatania!"

"Mama hajasoma vitabu vyako," akasema. "Ndiyo maana ameona."

Nilibishana naye siku tatu. Nilichora, nikafuta, nikachora tena. Nilimwambia mto wa bondeni ungekuwa na ukubwa ule, dunia nzima ingetumbukia ndani yake isionekane. Akasema wazungu wanajua kukuza picha. Nilimwambia galaksi hiyo ina nyota nyingi kuliko punje za wimbi zilizowahi kuvunwa Ukuryani. Akasema, naam, na punje za dhahabu ni ndogo hivyo hivyo. Kila sifa ya galaksi niliyoitaja, yeye aliipokea, akaipangusa vumbi, akaiweka upande wake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alinijibu mwisho, akaenda kuwaita wazee.

Kwetu jambo zito linapelekwa kwenye iritongo, mkutano wa ukoo na jirani, chini ya wazee. Niliwashukuru wazee kimoyomoyo. Nilidhani pale patapatikana akili. Lakini nilikuwa nimesahau utaratibu: mdogo hamvui nguo kaka yake mbele ya baraza. Aliyetangulia jandoni ametangulia na kusema. Mimi nilitakiwa nijibu nitakachoulizwa, nikimaliza nikae. Mtu mwenye mdomo kama wangu!

Picha ilibanduliwa ukutani, ikatandazwa juu ya ngozi ya ng'ombe, mawe manne kwenye pembe isipeperuke. Kaka akasema yake. Kisha mzee aliyekuwa anaendesha baraza akanigeukia. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu.

"Mwanetu, wewe umesoma. Tusaidie. Umewahi kufika huko unakosema hizi nyota ziko?"

"Hapana, mzee."

"Aliyepiga picha amefika?"

"Hapana, mzee. Hakuna anayeweza kufika. Mwanga ndio uliomfikia."

"Huo mwanga ulitoka huko lini?"

"Mamilioni ya miaka, mzee."

Baraza likaguna. Mtu mmoja nyuma akasema "Yesu wangu" kwa sauti.

"Basi hiki tunachokitazama hapa," mzee akaendelea, "kipo bado, au kilishakwisha?"

Lilikuwa swali zuri. Wanafunzi wangu hawakuwahi kuniuliza swali zuri kama lile. "Hatuwezi kujua, mzee," nikajibu. "Picha inaonyesha kilivyokuwa. Kilivyo leo hatukioni."

"Haya. Swali la mwisho. Huko kuna dhahabu, au hakuna?"

Jasho lilinitoka, nawaambia. Ningeweza kusema hakuna, mambo yakaishia pale. Lakini mbele ya wazee wa kwetu hakusemwi uongo, na nyota zinazokufa kule zinafanya kazi ile ile zilizoifanya zile zilizotupa dhahabu yetu.

"Bila shaka ipo, mzee," nikasema. "Lakini..."

"Kaa, mwanetu. Tumekusikia."

Nilikaa. Nilitafuna hasira yangu kama nyama ngumu na watu wakawa wananipongeza kwamba nimesema ukweli.

Mama alikuwa amekaa na akina mama wenzake pembeni. Alipoulizwa, alisimama akasema maneno machache. "Mimi sijui nyota na sijui dhahabu. Chimbeni mnavyochimba. Kaburi la mume wangu na nafasi yangu msiguse." Wazee wakakubali kwa kauli moja. Wakamwamuru kaka apange mawe kuzunguka kaburi na ile nafasi, na duara lolote likae nje ya mawe hayo. Kaka aliyapanga siku ile ile, kwa mikono yake, na aliyapanga vizuri.

Shule zikafunguliwa nikarudi Serengeti. Huku nyuma wakafukua zizi. Na sasa nitasema jambo ambalo linanitia kichaa mpaka leo: waliipata. Kichembe! Kichembe ambacho kingeingia kwenye ukucha na kupotea. Kwenye vilima vyetu ukichimba popote kwa bidii utakuta kichembe, hata ungeongozwa na picha ya mbuzi. Lakini nani alinisikiliza? Habari zilifika Serengeti kabla ya barua, walimu wenzangu wakaanza kuniita tajiri.

Nilipokuja nyumbani sikupatambua. Watu nisiowajua walikuwa wamepiga maturubai kwenye shamba la migomba. Ukuta wa mawe wa baba ulikuwa umebomolewa, mawe yamepangwa kuzuia midomo ya maduara. Ng'ombe walikuwa wamehamishiwa kwa mjomba, vijiji vya Serengeti, kwa sababu hapakuwa na pa kuwalaza. Na kila niliyekutana naye alinipa mkono. "Asante, Mwalimu." "Mungu akuzidishie, Mwalimu." Mvunja fedha mmoja wa mpakani alitoka Sirari kwa pikipiki kuja kuniomba ramani nyingine, ya upande wao. "Hata kama ni nusu," akaninong'oneza. Nilimfukuza kwa matusi ambayo mwalimu hapaswi kuyajua, naye akaondoka akiamini kwamba bei yake ndiyo imekuwa ndogo.

Mama alikuwa anafagia. Katikati ya kelele zile zote, ndani ya mawe yale ya kaka, alikuwa ameinama na ufagio wake, anafagia kaburi, anafagia na kwake. Nilisimama nikamwangalia mpaka akamaliza.

Kaka alilinda ule mpaka. Lazima nimtendee haki. Alikaa pale na panga mapajani, na mtu akisogeza sululu karibu na mawe, anamtimua. Alichokuwa hajui, au hakutaka kukijua, ni kwamba wachimbaji chini hawaoni mawe yaliyoko juu. Wanafuata mwamba unakoelekea. Nilimwambia. Nilimwambia kwa sauti ya chini, kwa sauti ya juu, mbele ya mkewe. Alinijibu kwamba picha inaonyesha mstari unapita kushoto kwa kaburi, siyo chini yake. Sikio la kufa halisikii dawa!

Mvua za masika zilipokuja ardhi ililowa, na mchana mmoja wa Jumamosi, nikiwepo, ikazama. Haikuwa na kishindo kikubwa. Mawe ya kaka yalianza kuinama yenyewe, moja baada ya jingine, kisha kaburi, kisha ile nafasi, vyote vikateremka ndani ya maji ya tope. Hakukuwa na mtu chini, mvua ilikuwa imewatoa wote. Kaka alirukia ukingoni, tukamshika kiuno watu wawili. Alikuwa analia kwa Kikurya, anamwita baba.

Kuna hasira za miezi mingi nilikuwa nimemwekea. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu mpaka na vituo. Nikamtazama alivyokaa kwenye tope, mtu mzima, pua inamtoka, na sikupata hata moja la kumwambia. Hilo nalo liliniudhi. Hata haki ya kugomba nilinyimwa.

Wazee walikuja, kondoo akachinjwa, shimo likajazwa mawe na udongo kwa siku nyingi. Hakuna aliyeweza kusema baba amelala upande gani wa ule udongo. Wageni walikunja maturubai yao wakaondoka, maana kichembe kile hakikupata mwenzake. Nyumba ya mama ikapasuka ukuta, kaka akaenda Serengeti kuwafuata ng'ombe, nami nikampangia mama chumba Tarime mjini, mtaa wa Bomani, karibu na kanisa. Alikaa pale kwa heshima zake. Asubuhi alifagia kibaraza cha saruji ambacho mwenye nyumba alikuwa ameshakifagia.

Jumapili moja nilimtembelea baada ya ibada, nikakuta amefungua sanduku lake na picha iko kitandani. Baada ya baraza ilikuwa imerudishwa ukutani, naye aliibandua mwenyewe alipokuwa anahama, pembe moja ilikuwa imechanika. Mimi nilidhani ilikwenda na maji, na niliomba Mungu iwe imekwenda.

"Njoo," akaniambia. "Nionyeshe. Zizi letu liko wapi hapa?"

"Mama! Hata wewe?" Nililipuka. Yote niliyokosa kumwambia kaka yalitoka pale, kwa mwanamke mzee asiye na kosa. Nikamwambia ni nyota, mama, nyota! Hakuna zizi, hakuna mto, hakuna Tarime, hakuna hata dunia humo, ni mbali, hakuna atakayefika, nimesema mpaka nimekauka koo, mbona hamsikii?

Alingoja. Aliponiona nahema, akanivuta mkono nikae.

"Najua ni nyota," akasema. "Nilikusikia nyumbani, na kwenye iritongo nilikusikia. Sijakuuliza dhahabu. Wewe si ndiye uliyewaambia wazee kwamba hii picha haionyeshi kilivyo leo, inaonyesha kilivyokuwa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nionyeshe palivyokuwa."

Niliitazama ile galaksi, mstari wake wa manjano, mikono yake miwili. Kisha nikaweka kidole kwenye ncha ya lile gogo, upande wa kulia, pale mkono unapoanza kujipinda.

"Mlango ulikuwa hapa," nikamwambia. "Na baba yuko hapa."

Mama aliinama akapangusa vumbi pale kwa kiganja, taratibu, mara mbili. Kisha akaweka kidole chake kando ya changu, vikagusana.

"Basi mimi hapa," akasema.